Mahali Jembe Halifiki

Mama yangu, Bi Swaumu, alikuwa na ombi moja tu: azikwe pembeni ya baba. Hakutaka makaburi ya msikitini hapa Sindeni, wala ya kwao Kwaluguru. "Nimekaa naye miaka arobaini na sita," alisema, "nikalale na nani mwingine?" Baba amelala mwisho wa shamba letu, kwenye michongoma, karibu na babu. Hapo hatulimi.

Alipofariki alfajiri ya Alhamisi, mjomba Mhina, mdogo wake, alichukua wanaume wanne na sururu wakaenda kuchimba. Tulipanga kuzika baada ya Adhuhuri. Mimi nilikuwa uani nafunga turubai ndipo nikakumbuka kilichoko kule. Nilikimbia.

Tangu viwavijeshi watumalizie mahindi, miaka minane sasa, sijalima bila dawa. Ya magugu kabla ya kupanda, ya wadudu mara tatu au nne, zote nazifuata Korogwe. Makopo yakazagaa shambani. Bwana shamba akaja kutufokea mkutanoni: msiyatupe mtoni, msiyachome, msiyachotee maji, yafukieni mbali na kisima, mahali pasipolimwa. Akapanda pikipiki yake akaondoka. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikaangalia ekari zetu tatu, wapi pasipolimwa? Makaburini tu. Kila msimu nikachimba shimo langu kuzunguka kaburi la baba, maana udongo wa pale ni laini, nikafukia makopo pamoja na vifuko vya nailoni vya mbegu na mbolea. Mama alinikuta siku moja. "Ukasha, huko kuna wenyewe," akasema. Nikamjibu kwamba wenyewe hawali mahindi. Alicheka kidogo akaenda zake, na kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Nilipofika, mjomba alikuwa ndani ya shimo hadi magotini. Juu ya lundo la udongo kulikuwa na makopo, na harufu ile ya dawa, inayokaa kooni, ilikuwa imewafanya wale wanaume wajifunge mashati puani.

"Nani kageuza makaburi ya watu jalala?" mjomba aliuliza.

Wakahamia upande wa pili wa baba. Sururu ikatoboa kopo jingine, maji meupe yakachuruzika yakanywewa na udongo. Lile lilikuwa shimo la mwaka juzi. Kichwani kwa baba kuna mwamba. Miguuni kulikuwa na shimo la mwaka jana, nalijua vizuri, na nilisimama nikiwatazama wakilianza.

"Ni mimi, mjomba," nilisema hatimaye. "Niliambiwa nifukie pasipolimwa."

Alinitazama. Nilitamani anitukane, anipige hata na mpini, lakini alifuta jasho tu.

"Tumpeleke msikitini, au Kwaluguru," nilisema.

"Ameshaoshwa. Watu wamejaa kule nyumbani, na mwenyewe alisema hapa." Akarudi kwenye lile shimo la kwanza. "Chimbeni."

Walichimba. Mimi niliokota makopo nikayatia kwenye kiroba mpaka kikajaa, kisha nikasimama nacho. Mtoni hapana, shambani hapana, kuyachoma bwana shamba alikataza. Nilikiweka nyuma ya michongoma, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Makopo yaliisha shimo lilipofika kifuani. Harufu haikuisha hata walipofika chini kabisa. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, anaingia mama.

Baada ya swala tulimleta. Mtoto wa kiume ndiye hushuka kumpokea mama yake, nami nilishuka. Alikuwa mwepesi. Nikamlaza ubavu wa kulia, uso kibla, nikafungua sanda usoni ili shavu liguse ardhi. Kuna donge la udongo linalowekwa chini ya shavu. Nililiokota la kwanza, nikalinusa, nikalitupa. La pili nalo lilinuka dawa. La tatu nalo. Nilikuwa nalia, nakwangua ukuta wa kaburi kwa kucha nikitafuta donge moja tu, moja, lililo safi.

"Ukasha," mjomba aliita kutoka juu, taratibu. "Weka, mwanangu. Watu wanasubiri."

Nikaweka.

Mama huyo hakuwahi kuniruhusu kuingia ndani nikitoka kupulizia. Alikuwa anasimama mlangoni na kunielekeza kwa mwiko: vua hilo shati huko nje, hatuli sumu humu.

Tuliporudi, wanawake walikuwa bado ndani. Dada yangu Shamsia, aliyeolewa Kwashemshi na kufika asubuhi ile kwa bodaboda, alitoka kunipokea mlangoni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Umemlaza karibu na baba?"

"Karibu kabisa."

"Alhamdulillahi." Akanisogelea anikumbatie, akasita. Akanusa begani kwangu, kisha akarudi nyuma hatua moja na kunitazama kama mtu asiyenijua.

"Kaka, leo hii? Siku ya kumzika mama, wewe umekwenda kupulizia?"

Niliinua kola ya shati nikainusa.

"Vua hilo shati huko nje," alisema, akaufunga mlango.