Fundo la Mpakia Mizigo

Kaka yangu anapakia mizigo kwenye malori, na hana anachojivunia kama mafundo yake. "Sijawahi kufunga mzigo ukadondoka," humwambia kila anayemsikiliza, hata asiyemsikiliza. Anachoogopa ni maji. Kuogelea hajui, na mtoni hata miguu haoshi. Nilipomwomba amruhusu binti yake aje na kikosi chetu cha skauti kwenye safari ya siku kadhaa ya mitumbwi, alininunia wiki nzima. Mimi ni fundi cherehani na kiongozi wa kikosi; kununiwa nimekuzoea, wateja wamenikomaza. Mwishowe akakubali.

"Mchukue," alisema. "Lakini usirudi bila yeye."

Mtoto mwenyewe tunamwita Kiroboto, kwa jinsi asivyotulia. Ajabu ni kwamba ndani ya mtumbwi alikaa kimya kama mgeni sebuleni. Alikaa katikati, mgongo wake ukiwa mbele yangu. Mbele kabisa alipiga kasia mvulana mrefu tunayemwita Mlingoti, na nyuma niliongoza mimi. Kila tulipopanda, Kiroboto alihangaika kidogo na nguo zake, kisha akatulia. Nilidhani safari imemtia adabu, nikamshukuru Mungu. Mjinga mimi.

Siku ya mwisho mto ulibanwa na kuta mbili za mawe, ukaanza kwenda mbio. Mitumbwi mingine ilishatangulia na kupotea kwenye kona. Kutoka huko mbele yalisikika maji yakinguruma. Hapakuwa na ukingo wa kuegesha, wala hata kijiti cha kushika. Mara tukagonga jiwe ubavuni na maji yakaingia.

"Kumba maji!" nilimwambia Kiroboto.

Akainama na kopo. Boya alilovaa kama fulana likapanda mgongoni, nami nikaiona kamba.

Ilikuwa kamba ya manila ya buluu, ile ya malori. Ilitoka kwenye mkanda wake wa skauti ikazunguka ubao aliokalia, imekazwa vilivyo. Mtumbwi ukipinduka, boya humwinua mtu juu. Huyu angebaki chini yake, kichwa majini, akivutwa na boya huku na kamba kule. Na kisu chetu kilikuwa katika mtumbwi wa mbele, kwenye sanduku la mikate.

"Nani amekufunga?"

"Baba! Kwenye mkanda alifunga yeye. Kwenye ubao akaniambia nifunge mwenyewe kila nikipanda, nisidondoke."

"Fungua!"

"Nimemwahidi, shangazi! Si ulisema ahadi ya skauti haivunjwi?"

Kweli nilisema, tena mara nyingi, nikiwa nimenyoosha kidole. Sasa maneno yangu mwenyewe yalinirudi, na mngurumo ulikuwa unakaribia.

"Hiyo ahadi naibeba mimi! Baba yako atagomba na mimi! Fungua, mwanangu, utakufa!"

Hapo alilia, lakini akashika fundo. Vidole viliteleza. Kamba ilikuwa imelowa na kukaza, na mafundo ya ukoo wetu hayana huruma. Mlingoti akageuka kutazama, akasahau kupiga kasia, nao mtumbwi ukaanza kwenda ubavu.

"Achana na fundo! Vua mkanda!"

Nilitupa kasia, nikamrukia. Mkono wangu uligusa boya lake, na dunia ikageuka juu chini.

Chini ya maji nilimeza mto na mchanga wake. Nilipoibuka, nilikiona kichwa cha Mlingoti. Nikatafuta cha pili, sikukiona. Mtumbwi ulikuwa umelala kifudifudi, umebanwa kati ya mawe mawili, na maji yakiupanda mgongoni. Nilipiga kelele kama mwendawazimu huku mkondo ukinipeleka mbali nao. Nilikuwa na hakika mtoto wa kaka yangu yuko chini yake, amefungwa.

Kisha nikasikia mtu akikohoa mbele yangu. Kiroboto alikuwa anaelea chali, mkono mmoja umeshika suruali isimvuke. Kwenye maji yaliyotulia nilimfikia, nikamkumbatia, nikamgombeza, nikambusu, bila kujua lipi linatangulia.

Tulipoungana na Mlingoti na wenzetu tulipanda juu ya mawe, tukauvuta ule mtumbwi kikosi kizima hadi ukachomoka.

Kaka alitusubiri na lori mwisho wa safari. Alipoinamisha kichwa kuutazama mtumbwi, aliiona kamba yake ya buluu bado iko kwenye ubao, na mwisho wake mkanda wa skauti, mtupu.

"Mlifunguaje?" aliniuliza.

"Hatukufungua, kaka. Mtumbwi ulipinduka. Alivua mkanda."

Akakaa chini, akaanza kulifungua fundo lake mwenyewe, kwa kucha, kisha kwa meno. Halikulegea. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, lakini nilipomwona anaitafuna kamba yake mwenyewe, hasira zikaniisha.

Kiroboto alisimama mbele yake, bado ameshika suruali. Kaka akauvua mkanda wake, akampitishia kiunoni, ukamzunguka karibu mara mbili. Alishika bizimu ili afunge, mikono ikasita. Akamwachia ncha zote mbili.

"Funga mwenyewe, mama," alisema.