Kijiti cha Daraja la Zamani

Daraja letu la zamani lilikuwa jembamba, la gari moja tu, na katikati lilikuwa na nundu. Ukisimama upande wetu huwaoni wa upande wa pili, nao hawakuoni. Ndiyo maana nchi mbili zilikaa vikao, zikanywa soda za kutosha, mwisho zikakubaliana juu ya kijiti. Kijiti kimoja, nusu nyekundu yetu, nusu nyeupe yao. Mwenye kijiti ndiye anayeruhusu magari. Ya kwake yakiisha, dereva wa mwisho anakabidhiwa kijiti, anakipeleka ng'ambo, na zamu inakuwa yao. Asiye na kijiti haruhusu gari, na yeye mwenyewe hakanyagi daraja hata kwa kidole cha mguu. Wataalamu waliokuja na kompyuta zao walicheka. Wacheke tu. Katika miaka yangu yote pale, hakuna magari mawili yaliyokutana uso kwa uso juu ya ile nundu.

Mimi nilishika upande wetu. Upande wa pili alishika mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Nilimwita Mama Ng'ambo.

Kufahamiana kwetu kulianza kwa uchokozi. Siku moja kijiti kilikuja kimefungwa sindano na uzi. Dereva wa lori la saruji, tuliyemwita Bonge, alikuwa anajizuia kucheka.

"Mzee wangu, mama wa kule anasema amesikia kola yako imechanika. Anasema unaitia aibu mipaka yote miwili."

"Mwambie ashone ya mumewe."

Bonge alirudi na jibu kwamba mume hayupo, alishatangulia, na kwa hiyo muda wa kusema kola za watu anao tele. Mke wangu mimi naye alikuwa ameshatangulia. Jioni ile nilishona kola, vibaya, lakini nilishona.

Tangu hapo kijiti hakikusafiri kitupu. Nikikohoa, kesho yake inakuja dawa ya kifua. Akilalamika jua, nampelekea kofia. Simu hazikushika kule bondeni, kwa hiyo maneno yetu yote yalipita midomoni mwa madereva, na madereva wanajua kutia chumvi. Kuna aliyeniambia ni mrefu kama mlingoti, mwingine akaapa hafiki begani kwake. Sikuwauliza zaidi. Kuvuka kwenda kumwona sikuweza, maana hakukuwa na wa kunishikia zamu, wala yeye hakuwa naye. Jumapili daraja lilifungwa ili mimi na yeye tupumzike, kila mtu kwake.

Na kwangu ni chumba kimoja: kitanda, jiko la mafuta ya taa, kiti. Cha pili nilikitoa baada ya msiba, kilikuwa kinaniangalia. Binti yangu yuko mbali, hupiga simu akikumbuka. Nasema wazi, duniani hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kama nimekula au sijala.

Halafu likaja daraja jipya. Nchi mbili zilianza kujenga kila moja kwake, zikakutana katikati bila kupishana hata unene wa kidole, na hilo nalisifu kwa moyo mweupe. Njia nne, taa, na ofisi moja ya mpaka inayotumiwa na pande zote. Sisi wa kijiti tuliambiwa asante.

Wiki ya mwisho Bonge alikuja na ujumbe.

"Mama anasema, gari la mwisho likishapita, atakayekuwa na kijiti avuke kwa miguu amfuate mwenzake. Wanywe chai kama watu."

"Mwambie sawa," nikasema. "Mwambie na kola nimeshona."

Bonge alinitazama, kwa mara ya kwanza hakucheka.

Gari la mwisho lilikuwa la wageni wa heshima, lililotoka upande wetu. Nilimpa dereva kijiti, nimefunga juu yake kitambaa cha bluu. "Mkabidhi mama wa kule, mkononi mwake," nikamwambia. Mgeni wa kiti cha nyuma aliomba akione, akakigeuzageuza. Wakapanda nundu, wakapotea.

Basi, kijiti kimeenda, yeye ndiye wa kuja. Niliazima kiti kwa fundi wa pancha, nikachemsha maji, nikafuta vikombe mara mbili. Moyo ulinidunda kama wa kijana. Niliangalia ile nundu mpaka macho yakauma. Maji yakapoa, nikachemsha tena. Giza lilipoanza kuingia nilirudisha kiti kwa fundi, na nikawa nimemkasirikia Mama Ng'ambo kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilisema ana maringo. Nilisema mengine pia, peke yangu, njiani.

Siku chache baadaye, mafundi wakiwa wameshaanza kung'oa mbao za daraja letu, nilivuka lile jipya kwa miguu, nimevaa shati la kola, nimejiandaa kumgombeza.

Kibanda chake kilikuwa kama changu. Nje kulikuwa na viti viwili vimetazamana, na askari analinda vyuma vya daraja la zamani.

"Namtafuta mama wa hapa," nikasema. "Mimi ni mwenzake wa upande ule."

Askari akanitazama juu mpaka chini. "Ni wewe? Mzee, mbona hukuja?"

"Nije vipi? Kijiti alikuwa nacho yeye!"

"Hakuwa nacho. Gari la wageni lilipita hapa halikusimama. Akasema, yule mzee hajampa dereva kijiti, basi anakuja nacho mwenyewe. Akapanga viti. Nilimwambia, mama, si uende tu, gari hakuna tena? Akaniambia hawezi kukanyaga daraja bila kijiti."

"Yuko wapi?"

"Alikaa mpaka usiku. Asubuhi mwanawe akaja kumchukua, sijui wapi, ni mbali. Mama alisema labda umebadili mawazo."

Nilikaa kwenye kiti kimoja. Nilikuwa naona aibu, na nilikuwa na uchungu ambao sikuupata tangu siku tulipomzika mke wangu. Mita chache tu za mbao, na sisi tulishika sheria kila mtu kwake. Askari aliniuliza jina la huyo mama, ili anisaidie kuulizia. Sikulijua.

Wakati wa kurudi nilipita ndani ya ile ofisi ya pamoja. Kijiti kilikuwa ukutani, ndani ya kioo, chini yake maandishi makubwa ya kusifu ujirani mwema. Kitambaa changu cha bluu kilikuwa bado kimefungwa. Fundo lilikuwa lile lile langu, halijafunguliwa.

"Mzee, unavuka au huvuki?" karani akaita. "Unazuia watu."

Nilisogea pembeni, nikawapungia mkono wapite.