Mashimo ya Makumbi

Dada yangu Mwatum huzika makumbi ya nazi pwani ya Kiwengwa. Anachimba shimo kwenye tope, analijaza makumbi, anayakandamiza kwa mawe, kisha anayaacha miezi mingi mpaka yaoze. Ndipo huyafukua, akayaponda na kusokota kamba. Kila mwanamke ana mashimo yake, karithi kwa mama yake, na hakuna anayegusa jiwe la mwenzake. Hata mwizi wa kuku haligusi.

Mwaka huu hoteli ya jirani ilitaka kusafisha ufukwe kwa greda. Mwatum akaenda kulalamika kwa sheha, mkubwa wa kijiji, Bwana Mmanga. Sheha akamtolea kitabu cha kufundishia haki za wenyeji, alicholetewa na meneja wa hoteli. Ndani mlikuwa na picha ya Mwatum kainama anaponda. Juu yake imeandikwa: Mila Zilizopotea.

"Sasa Bi Mwatum, kama mila imepotea, mashimo haya ya nani? Jumamosi greda linaingia, na kabla yake natakiwa nimjibu meneja."

Mwatum akanipigia simu Jang'ombe, ninakofanya kazi ya kupaka rangi nyumba.

"Kaka, wamenipiga picha nnaponda, halafu wameandika sipondi!"

Nikaenda Mji Mkongwe, kwenye jumuiya iliyochapisha kitabu. Akanipokea binti mmoja mpole, Badria. Akanipa kiti, akanipa chai, akanipa kila kitu isipokuwa jibu.

"Baba, kitabu hichi kinawafundisha watoto kuwaheshimu wenyeji."

"Huyu mwenyeji kwenye picha anaitwa nani?"

Akaitazama. "Tumeandika 'mwanamke wa pwani'."

"Anaitwa Mwatum Pandu, dada yangu. Na jana alikuwa anaponda."

"Tunashukuru kwa maoni yako. Tutayazingatia toleo la pili."

"Lini?"

"Tukipata mfadhili, inshallah."

"Greda linakuja Jumamosi, binti!"

Uso ukamng'aa. "Basi bahati! Jumamosi tuna semina hukohuko Kiwengwa, ya kuwajulisha wenyeji haki zao. Na sheha tumemwalika. Mwambie dada aje, chakula kipo."

"Semina wapi?"

Akaitaja hoteli. Hoteli ileile. Nikaimalizia chai, kwa sababu lililonijia mdomoni halisemwi mbele ya mtoto wa watu. Nikampigia Mwatum nikamweleza. Akacheka, akakata simu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa nyuma ukumbini, mtoa mada anaeleza maana ya utambulisho, ukumbi umefungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi. Mwatum akaingia na wenzake, Mize na Tahiya, wamebeba mapakacha ya makumbi waliyoyafukua alfajiri, maji meusi yanachuruzika. Wakakaa chini mbele kabisa, wakaanza kuponda. Anayejua harufu ya makumbi yaliyozikwa hahitaji kuelezwa. Asiyejua, ashukuru Mungu. Mtoa mada alikimbilia mlangoni na karatasi zake puani.

Meneja akaja mbio. "Mama, uchafu huu mnautoa wapi?"

"Hapo mbele kwako," Mize akasema. "Unapotaka kupitisha greda."

Mwatum akamgeukia sheha, aliyekuwa na sambusa mkononi. "Sheha, haya ya nani?"

"Yako, Bi Mwatum."

"Meneja hajasikia."

"Yake! Na mashimo yake! Greda lisiguse! Sasa yatoeni nje jamani, nnakula!"

Badria akainua simu kupiga picha. Tahiya akamwambia, "Mara hii uandike majina, mwanangu."

Greda halikuja. Nikatoka nje kumpongeza dada, nikamkuta anavuta nyuzi za kumbi moja, zinakatika.

"Mabichi haya, kaka. Yalikuwa bado miezi. Tuliyoyaponda yameharibika, hayazikiki tena."

"Lakini mashimo si yamebaki?"

"Matupu. Mwaka huu nitasokota nini, cheti cha semina?"

Akanisukumia pakacha la yale ambayo hayajapondwa. "Shika huko, haya tukayazike tena. Maji yanarudi, na mawe sijayapanga."

Nikashika. Lilininyeshea suruali yote.