Mto Imekuja

Kama umewahi kuucheza ule wimbo, usiniombe msamaha, nimechoka kusamehe. Hata mimi mguu ulinisaliti siku moja pale Ishiara, nikiwa kwenye foleni ya kusaga unga. Nilitazama chini nikaukuta unafuata ngoma. Niliukanyaga kwa mguu wa pili mpaka ukatulia.

Wimbo unaitwa "Mto Imekuja" na sauti iliyo ndani yake ni yangu, Njeru wa Mbeere, mkulima wa ndengu. Lakini mimi sikuimba.

Mwezi wa nne, mwaka juzi, mto wetu ulikuja. Kwetu hatusemi mto umefurika, tunasema umekuja, maana miezi mingi haupo. Ni mchanga tu, watu wanavuka na mbuzi wao kwenda sokoni kama barabara. Mvua inanyesha huko juu kwenye majani chai, sisi huku jua linatuchoma, halafu maji yanafika bila hodi. Ndugu yangu Kathuri alikuwa anavuka na gunia la ndengu begani. Mimi nilikuwa nimetangulia, nimefika upande wa pili, nageuka kumwita. Tulitafuta siku tisa, mpaka mto unapoingia Tana, tukapata gunia. Yeye hatukumpata. Mkewe, Nelius, hana kaburi la kwenda, na mpaka juzi alikuwa hajui asimame wapi alie.

Siku ile ile mto ulipokuja, kabla hata sijavua nguo zilizolowa, mwanahabari alinisukumia kipaza sauti mdomoni. Kwenye karatasi ngeli zangu hukaa sawasawa. Nilifika darasa la nane na Kiswahili nilikuwa nambari nne. Siku hiyo sikuwa na karatasi. Nilisema mdomo ulivyotoa: "Mto imekuja, mto imekuja, na mimi niko ng'ambo." Nilisema na maneno mengine baada ya hayo, ila televisheni ilikata hapo. Jamaa fulani mwenye kompyuta, sijawahi kumwona na ni afadhali iwe hivyo, aliichukua sauti akaiwekea ngoma. Pale nilipovuta kwikwi, alipageuza kuwa mdundo. Wiki tatu hazikuisha, nchi nzima ikawa ng'ambo pamoja nami.

Ulipigwa kwenye arusi. Ulipigwa dukani kwa mbao na misumari kuanzia asubuhi hadi wafunge. Malori yaliuweka kwenye honi. Vijana wa bodaboda wakiniona walikuwa wananiita "mzee ya ng'ambo" na kuuliza kama wanivushe. Nilijaribu kucheka nao, kwa sababu ukikasirika unageuka kuwa wimbo wa pili. Nelius aliacha kwenda sokoni kabisa. Mboga zake alikuwa anampa mke wangu, Winfred, amuuzie.

Kisha Cicily, binti wa Kathuri, akarudi na daftari. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: Sahihisha sentensi hii, Mto imekuja. Mtoto alikuwa ameandika "Mto umekuja" kwa mwandiko mzuri, akapata tiki nyekundu. Nilimwambia hongera. Ningemwambia nini? Mwalimu hakujua ni ya nani, na mtoto alijua, akafanya zoezi.

Nilidhani nikienda mbali nitapumzika. Nilipeleka ndengu Meru, kwa Khadra, mama anayenunua mazao yangu pale Makutano. Nilipofika mlangoni, redio yake ilikuwa inaimba mimi. Alikuwa anapima gunia huku kichwa kinatikisika. Nilipomsalimu aliitazama redio, akanitazama, maana sauti ni sauti. Hakucheka. Aliuliza kitu ambacho hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuuliza.

"Wewe uko ng'ambo, halafu nini? Hii maneno haijaisha, mzee."

Alizima redio, akanimiminia chai yenye iliki, tukaendelea na mizani. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira mpya. Mama aliyejifunza Kiswahili ukubwani alisikia kwamba sentensi yangu imekatwa mkia, na walimu hawakusikia.

Tulichotaka sisi wa kando ya mto ni daraja la miguu. Si la magari, la miguu tu, watoto wavuke kwenda shule mto ukija. Mwaka jana nilisimama kwenye baraza la chifu kulidai. Nilipofungua mdomo watu walianza kucheka, mmoja akapiga mluzi wa ule wimbo, na neno la daraja likafa hapo hapo. Mwaka huu kikaitishwa kikao cha maoni Ishiara, kwenye ukumbi wa kanisa. Wadi yetu ilikuwa inapewa mradi mmoja: daraja letu au taa za soko. Wazee walisema shahidi ni mimi, hakuna mwingine aliyeona.

Winfred alikataa. "Ukisimama watacheka," aliniambia, "na daraja itaenda na hiyo kicheko. Acha mtu mwingine aongee." Alisema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nikikaa kimya, hatuna shahidi. Nikisema, ni wimbo. Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimebaki wiki chache, na Cicily anapita pale pale kila siku.

Niliandika karatasi. Ngeli zote nilizinyoosha, nikampa Cicily akague.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nelius alikuja pia, akasimama karibu na mlango, leso kichwani, tayari kuondoka. Spika zilikuwa za Njue, mtu wa rika langu, ana wajukuu, si kijana wa kusema hajui. Mwenyekiti alipoita jina langu, Njue alidhani ananipa heshima. Akaubonyeza wimbo.

Ukumbi ulilipuka. Akina mama waliinuka, viti vikasukumwa, hata mheshimiwa wa wadi alikuwa anapiga makofi. Mimi nilisimama mbele na karatasi mkono mmoja na kipaza sauti mkono mwingine, nikisikiliza jinsi nilivyolia mwaka juzi. Nilitaka kutoka. Mlango ulikuwa umejaa wachezaji, na katikati yao nilimwona Nelius ameziba masikio kwa mikono miwili, hana pa kupita, kama mimi.

Ule wimbo una mahali ngoma inanyamaza. Ukishasema "na mimi niko ng'ambo", kila kitu kinakatika kidogo, wachezaji wanainua mikono na kungoja. Nimeusikia mara nyingi kuliko aliyeutengeneza; pale mahali napajua. Ngoma iliponyamaza nilileta kipaza sauti mdomoni.

"Na ndugu yangu Kathuri iko katikati," nikasema.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni nyongeza. Kicheko chake kilibaki peke yake. Ngoma ilirudi, na Njue akawa anapapasa vitufe vyake kukitafuta cha kuzima, anabonyeza sicho, anabonyeza kingine, mpaka akachomoa waya ukutani. Wenye mikono juu waliishusha polepole. Karatasi sikuisoma. Niliona imekwisha semwa, nikakaa.

Mwenyekiti aliomba watu wainue mikono. Ya taa ilikuwa michache. Ya daraja sikuiangalia, nilikuwa nimeinamisha kichwa, ila Winfred aliniambia baadaye kwamba hata wa Njue ulikuwa juu.

Basi ikabaki desturi ya mwisho. Vikao hivi, kabla ya maombi ya kufunga, karani husoma alichoandika ili kila aliyesema akubali ndivyo alivyosema. Karani alikuwa mama mpole mwenye miwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alipofika kwangu alisoma: "Bwana Njeru amesema kwamba mto ulikuja yeye akiwa ng'ambo, na kwamba ndugu yake, Kathuri, alikuwa katikati." Akaniuliza kama ni sahihi.

Nilisimama. "Si sahihi, madam. Mimi sikusema alikuwa."

Alirudia kusoma kimoyomoyo. "Ulisemaje, mzee?"

"Nilisema iko."

"Yuko," alinirekebisha taratibu, bila ubaya, kama mwalimu.

"Sawa. Weka ngeli yenye unataka, lakini usimtoe. Hatujamtoa. Mpaka leo yuko."

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alipiga mstari juu ya neno moja na kuandika lingine. Nikasikia viatu vya mtu vinakuja kutoka mlangoni. Alikuwa Nelius. Alifika mezani akaomba aonyeshwe mahali ambapo jina limeandikwa. Karani akamgeuzia kitabu. Nelius aliweka kidole kwenye ule mstari, na hapo ndipo aliposimama akalia.