Barabara ya Kina Cavaroni

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ya Bosi Mansur ilikuwa imelala kwa shibe ya kabsa, wali wa nyama na viungo, na Keziah Cavaroni alikuwa uani nyuma ya jikoni akisukuma maji machafu kwa ufagio wa mpira. Riyadh ilikuwa imenyamaza kama sufuria iliyofunikwa. Kigae kimoja karibu na mashine ya kufulia kikacheza, kikainuka, na chini yake akatoka kijana mwenye kaptura ya khaki na nyundo mkononi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Mgongoni mwa shati lake palikuwa na kiraka kikubwa cha mviringo, kile walichoshonewa wafungwa wa vita ili askari asipate taabu ya kulenga. Aliomba maji.

Keziah alimpa maji katika kikombe chake cha plastiki, kile kilichowekwa peke yake dirishani kisije kikachanganyika na vya wenye nyumba. Kijana alipokuwa akinywa, Keziah alimtazama miguu. Ilikuwa mipana mbele kama jembe, na kidole gumba kimejitenga na wenzake kama mtu aliyenuniwa. Keziah alikuwa na miguu hiyo hiyo, na mama yake pia. Hakuna kiatu cha mtumba kilichowahi kuwatosha bila ugomvi.

"Wewe ni Babu," akamwambia.

"Ndiyo," akasema kijana, ambaye alikufa kabla mama yake Keziah hajazaliwa, na ambaye kwa sura alikuwa mdogo kuliko Keziah mwenyewe. "Leta mawe."

Kiswahili chake kilikuwa kile alichojifunza barabarani enzi za vita, nacho kilikuwa na maneno ya kazi tu. Mawe hayakuwepo, kwa hiyo kijana akaleta yake. Kufikia alasiri alikuwa amepanga njia safi ya mawe kutoka mlango wa jikoni, ikapita chini ya kamba ya nguo, ikaingia ukutani bila kuubomoa. Madam Hessa, mke wa Bosi, alipoamka aliitazama, akauliza ni nani atakayeifagia. Keziah akasema ni yeye. Mambo yakaishia hapo.

Jina la Cavaroni Keziah alikuwa amelibeba kama wengine wanavyobeba kigugumizi. Watoto wa nyumba walimwita Makaroni. Kule kwao Mai Mahiu, mahali barabara inapoteremka ukingo wa Bonde la Ufa, wafungwa wa Kitaliano waliletwa wakati wa vita kupasua mawe. Nyanya wa mama yake aliwauzia viazi vya kuchemsha. Kila asubuhi alimsikia askari akiita majina, na mmoja akiitikia alipoitwa Cavaroni. Vita vilipokwisha, wafungwa wakapakiwa kwenye lori, na bibi huyo akabaki na karai la viazi na mimba. Jina la kwanza la yule bwana hakuwahi kulijua. Kwa Wakikuyu mtoto hupewa jina la babu yake, ili babu arudi kuishi tena. Naye hakuwa na babu wa kumrudisha upande wa pili, basi akampa mtoto jina lile lililoitwa na askari, na watoto wa mtoto wakalichukua wakaendelea nalo. Ndivyo Utaliano ulivyoingia Mai Mahiu, kwa mlango wa nyuma na kwa viazi.

Sasa mama yake Keziah, Serah, alikuwa anaolewa. Miaka sitini na harusi ya kanisani, tena na gauni jeupe. Bwana harusi, Mzee Timothy Gathogo, alikuwa mfugaji wa nyuki aliyechumbia kwa subira hadi nyuki wenyewe wakachoka. Kwenye simu Serah alisema anampenda mzee huyo, lakini hata asingempenda sana angeolewa tu.

"Hili jina nimelibeba tangu shule ya msingi," alisema. "Nikifika madhabahuni nalitua. Nitaitwa Bi. Gathogo kama watu. Wewe hakikisha umekuja, Kezi. Sitaki kuolewa mara ya kwanza na mtoto wangu wa pekee hayuko."

Keziah alikuwa ameomba ruhusa tangu Ramadhani. Bosi Mansur hakuwahi kumkatalia. Alikuwa mtu mpole. Alisema tu bukra, yaani kesho, huku akipapasa ufunguo wa sefu uliokuwa kwenye mnyororo mmoja na wa gari. Pasipoti ya Keziah iliingia katika sefu hiyo siku aliyotua, ili isipotee, na kwa kweli haikuwa imepotea. Kila mtu nyumbani alijua ilipo.

Ijumaa iliyofuata, Keziah alivaa ndala, akafunga mlango wa jikoni, akaifuata ile njia aone inakokwenda. Wanaopanda basi kutoka Riyadh kwenda Jeddah hushuka viuno vimekwisha. Keziah alitumia muda wa kukaanga vitunguu. Aliona hewa imekuwa nzito na yenye chumvi, akasikia harufu ya kahawa na ubani, kisha mawe yakamtoa nyuma ya mgahawa mdogo mtaa wa Kandara, huko Jeddah, katikati ya magunia ya vitunguu na mitungi ya gesi. Mwanamke mnene wa Eritrea alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta buni, kahawa mbichi. Hakumtazama Keziah usoni. Alimtazama miguu, akasogeza kigoda kingine.

Alikuwa Letebrhan Cavaroni. Walizungumza kwa Kiarabu cha jikoni, ambacho walikijua wote sawa, yaani vibaya.

"Umechelewa, mwanangu," Letebrhan alimwambia. "Yule kijana nilimwagiza kwako tangu msimu wa baridi."

Akammiminia kahawa, akamweleza asili yao. Kina Cavaroni wote walitoka kijiji kimoja mlimani huko Italia, ambako mawe yalikuwa mengi kuliko unga. Kwa kuwa mtu hawezi kusonga mawe akala, walienda kuyapasulia wengine. Baadhi walivuka bahari hadi Argentina kujenga stesheni, wengine Brazil. Babu yake Letebrhan alipelekwa Eritrea kutandika reli ya kupanda milimani. Wa Keziah alikamatwa vitani, akasafirishwa bure.

"Kila walipofika waliacha vitu vitatu," alisema. "Barabara, ukuta na mtoto. Barabara ikachukuliwa na serikali, ukuta ukachukuliwa na mwenye shamba, mtoto akaachiwa mama yake."

Alicheka hadi ungo ukatikisika, na Keziah akacheka naye, kwa sababu kahawa ilikuwa nzuri na hesabu hiyo ilikuwa ya kweli. Wakiwa hapo aliingia bwana mmoja mwenye suti ya michezo, Mwargentina aliyekuja Jeddah kufundisha magolikipa, naye pia Cavaroni. Alivua viatu mlangoni, akaonyesha miguu yake kama mtu anavyoonyesha ikama, kibali chake cha ukaazi, kwa polisi, akapewa kikombe.

Zamani walikuwa wakituma barua na kusubiri, Letebrhan alieleza, sasa njia za mawe zinawaunganisha. Lakini zina masharti. Njia hukaa wazi iwapo kila upande pana Cavaroni. Alimwonyesha yake moja iliyopita chini ya kabati la vyombo kwenda Asmara. Kaka yake, wa mwisho mwenye jina huko, alifariki, na tangu hapo njia imekuwa ikikomea kwenye jiwe moja jeusi. Letebrhan huenda kukaa juu ya jiwe hilo akimenya vitunguu saumu.

Keziah akatua kikombe. Alimwambia habari za harusi ya mama.

Letebrhan alifikiri. "Kijana atakufikisha huko, njia ile aliianza akiwa hai, imebaki kidogo tu. Lakini Mai Mahiu aliyebaki na jina ni mama yako peke yake. Akishalitua, huko hakuna Cavaroni ila wewe. Ukirudi Riyadh kupika chakula cha jioni, kwenu pamefungwa. Ukibaki kwenu, Riyadh pamefungwa, na pasipoti yako ndani. Chagua vizuri, wala usinifuate mimi. Mimi nilichagua mgahawa, Asmara pakafungwa."

Wiki nzima Keziah alipiga pasi kanzu za Bosi akichagua. Upande mmoja alikuwa na mama na harusi. Upande wa pili alikuwa na jina lake lililochapwa kwenye kitabu kidogo cha bluu, ambalo bila hicho kitabu hakuna nchi ingemwamini kwamba ni lake. Babu naye alikuwa uani akigonga mawe na kuomba maji. Hakusema kesho hata siku moja.

Jumamosi ya harusi Keziah aliwaamsha watoto, akawapa mayai, akaacha wali umeiva, kisha akamwambia Madam anakwenda kwao kwenye harusi ya mama yake. Madam akamkumbusha kuwa kuna wageni baada ya magharibi. Bosi alisema haiwezekani afike Kenya, kwa sababu pasipoti iko kwenye sefu, akaendelea kutazama simu yake.

Njia ilimtoa nyuma ya kanisa la mabati, kando ya tangi la maji, ambako sufuria za pilau zilikuwa zimeinjikwa. Baridi ya bonde ilimshika shingoni kama shangazi. Risper, mwenyekiti wa kamati ya harusi, alikuwa amesimama na mwiko akiwahesabu walioingia, kwa kuwa nyuma ya Keziah walikuwa wanatoka wengine: Letebrhan na kapu la kahawa, kocha wa magolikipa, Wabrazili wa kike na wa kiume waliokuwa wanaimba tayari, na mwisho kijana wa kaptura aliyeoga.

"Hawa wote ni wa bibi harusi?" Risper akauliza.

"Ni wa jina lake," Keziah akasema. "Wamekuja kuliaga."

"Mngesema mapema. Kamati ilipanga nyama ya watu wa kawaida." Akaongeza maji kwenye mchuzi.

Serah alipoingia, hakukuwa na mzee wa kumsindikiza, kama ambavyo hakukuwa na mzee upande wake tangu siku za posa. Kijana wa kaptura akasogea, akampa mkono. Serah alimtazama miguu.

"Umechelewa miaka themanini," akamwambia taratibu.

"Ndiyo," akasema. Akatembea naye hadi mbele, hatua kwa hatua, akiangalia chini kama fundi anayekagua sakafu ya mwenzake.

Keziah alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine juu ya jiwe la mwisho la njia. Mchungaji aliuliza maswali yake. Mzee Timothy alijibu kwa sauti ya kuwatuliza nyuki. Serah alijibu kabla swali halijaisha. Mchungaji akatangaza kuwa kuanzia leo huyu ni Bi. Gathogo, vigelegele vikapaa, na jiwe likaanza kutetemeka chini ya kisigino cha Keziah. Alikumbuka wageni wa magharibi. Alikumbuka kikombe cha plastiki peke yake dirishani.

Bi. Gathogo akageuka, shingo yake nyepesi kama ya aliyetua kuni. "Shuka hapo kwenye mawe, Kezi," akasema. "Njoo tukate keki."

Keziah akashuka.

Wote walisubiri njia ijifunge, Wabrazili wakiwa wamevua kofia. Haikujifunga. Letebrhan aliinama, akaweka sikio kwenye jiwe, akatikisa kichwa. Upande wa Riyadh, alisema, bado pana Cavaroni.

Ijumaa iliyofuata Keziah alirudi kutazama. Njia haikutokea tena uani. Ilipinda chini ya sebule, ikapanda hadi chumbani kwa Bosi, ikakomea kwenye ukuta wa chuma baridi. Ulikuwa mgongo wa sefu. Ndani yake jina lake lilikuwa salama, halijapotea. Akagonga.

"Nani?" Bosi Mansur akauliza kutoka upande wa pili.

"Keziah. Naomba pasipoti yangu, Bosi."

"Bukra," akasema kwa upole.

Keziah alikwenda Nairobi kwa wakala aliyempeleka Riyadh kazini. Wakala alikagua kompyuta, akamwambia kwamba kulingana na mkataba yuko Riyadh, hapa bado hajafika, na aache kuzurura mbali na kazi. Akampa soda. Tangu hapo Keziah anaishi Mai Mahiu, anamsaidia Mzee Timothy kupakia asali, ananenepa, na kisheria yuko Riyadh akiosha vyombo. Kila Ijumaa hupeleka chupa ya maji kwa Babu njiani, kisha huenda kugonga, kwa sababu mtu hulazimika kudai chake hata kama siku yenyewe ni nzuri. Anajibiwa bukra. Anaaga vizuri.

Ijumaa moja alisikia sefu ikifunguliwa, kitu chepesi kikatupwa ndani, kikaangukia juu ya kitabu chake cha bluu, mlango ukafungwa. Wiki iliyofuata, Bosi akiwa kalala, alipogonga, sauti ya mwanamke ilimjibu kwa kunong'ona kutoka upande wa pili kuwa anaitwa Eucabeth, ni mfanyakazi mpya kutoka Nyamira, na anataka kujua mdalasini unawekwa wapi.

Keziah akamwambia rafu ya juu, nyuma ya ndimu kavu. Akamwambia pia kikombe cha plastiki dirishani akioshe kwanza, na kwamba yule mtoto mdogo hulala ukimwimbia wimbo wowote, hata wa kampeni. Eucabeth akacheka. Walipiga gumzo hadi saa ya Bosi kuamka ikakaribia.

"Dada, hapo uko ni wapi?" Eucabeth akauliza.

"Mai Mahiu. Nyuma ya kanisa, karibu na tangi."

"Ni mbali?"

"Hata. Muda wa kukaanga vitunguu."

Keziah alimsikia akisogea karibu na chuma.

"Basi nifungulie."

"Ningekufungulia, mamii," Keziah akasema. "Lakini huku ni mgongo tu. Mlango na ufunguo viko upande wenu."