Kamba Iliyotoka Mikononi mwa Abelino

Mawe ya mtoni yalikuwa yamekwisha kuiva mekundu motoni pale Daktari Yesenia alipoomba ayapime majani kabla hayajaingia chunguni. Alikuwa ametoka Lima, mji mkuu wa Peru, kutafuta katika mimea ya bonde la mto Ene kitu kinachopoza uvimbe wa viungo. Alikuja na mizani ndogo, utepe wa kupimia na subira. Nelida Chumpate, ambaye kijiji kizima cha Shimateni kilimtegemea kwa kupigwa nyungu, alimpa majani, akamwomba asiyakunje.

Mgonjwa wa asubuhi hiyo alikuwa Abelino Quinchori. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimevimba tangu miaka ya vita, wakati watu wenye silaha walipoteremka wakawaswaga wanakijiji hadi kwenye kambi yao ng'ambo ya mto, ili wakawalimie. Jembe halikushikika mikononi mwake, na bakuli la pombe ya muhogo alilinyanyua kwa viganja viwili kama mtoto.

Abelino alisimama juu ya chungu, kanzu yake ya pamba ikakifunika hadi chini. Nelida akatumbukiza mawe. Mvuke ukapanda, Abelino akatoa jasho, na maji yalipoacha kuchemka akasogea pembeni.

Baada ya nyungu ilikuwa desturi kuyachakura majani ili kuona kilichomtoka mtu. Mara nyingi vilikuwa vipande vya mkaa, miiba au mifupa ya samaki. Siku si nyingi kabla ya hapo, goti la Bibi Zoraida lilitoa kijiko, kile kile alichomsingizia mkaza mwanawe kuwa amekiiba. Mkaza mwana alikuja akakichukua, akaenda nacho kwake, na hilo lilimuuma bibi kuliko goti.

Abelino alitoa kamba.

Nelida aliivuta taratibu kutoka chunguni. Ilikuwa kamba ya gome la mti, imelowa, ina vitanzi viwili. Kimoja kiliweza kubana mikono ya mtu mzima. Cha pili kilikuwa kidogo sana.

"Iweke kando kwanza, mama, isije ikaongeza uzito wa majani," alisema Yesenia. Aliyapima majani, kisha akazungusha utepe kwenye vifundo vya Abelino. Uvimbe ulikuwa umepungua. Akaandika. Halafu akaitazama kamba iliyokuwa mkekani.

"Hiki kidogo kilikuwa cha nani?"

"Cha Teofilo," alijibu Nelida. "Mdogo wake Abelino."

"Yuko wapi sasa?"

"Muulize aliyefunga hilo fundo."

Watu waliokuwa uani walikuwa wamekwisha kulitambua fundo. Ni Hilario Sharete tu aliyefunga hivyo, kwa kusokota mara mbili na kuchomeka ncha kwa chini. Alifunga hivyo kuni, nguruwe, na hata mapaa ya watu. Hilario alikuwa amemwoa Rufina, dada yake Abelino, na alikuwa amesimama pale pale, ameegemea nguzo.

"Shemeji," alisema Abelino, "kule kambini ulimfungua Teofilo ukaondoka naye. Ukarudi peke yako. Ulimwacha wapi?"

"Nami nilielekezewa bunduki, shemeji. Ningekataa, wangenifunga pamoja nanyi."

"Najua. Sikuulizi hilo."

"Yale yamepita. Tumekula pamoja miaka yote hii."

"Tumekula, ndiyo. Ulimwacha wapi?"

Hilario aliinama, akaiminya kamba kwa vidole kutoka ncha hadi ncha.

"Haijaoza," alisema. "Na mtumbwi wangu hauna kamba."

Akaikunja, akaitia begani, akashuka mtoni. Hakuna aliyemzuia. Kamba ilikuwa yake, kila mtu alijua. Rufina alibaki kidogo akimtazama kaka yake, kisha akajitwisha beseni lake, akamfuata mumewe.

"Kijiko changu kilikuwa na haya kuliko yule," alisema Bibi Zoraida.

Tangu siku hiyo mtumbwi wa Hilario ulifungwa gatini kwa kamba ile, kitanzi kidogo kikielea juu ya maji. Aliyetaka kuvuka aliifungua, na akirudi aliifunga. Abelino naye aliifungua na kuifunga kama wengine, kwa sababu mtumbwi ulikuwa huo mmoja.

Yesenia alirudi Lima na gunia la majani, na kiangazi kilichofuata akaja tena. Alitaka Nelida awe wa kwanza kusikia. Kitu kile kilikuwa kimeonekana ndani ya jani, kimetengwa, kimetiwa kwenye chupa yake. Panya waliovimba miguu walipewa wakapona. Nelida alifurahi, akamkaribisha pombe ya muhogo.

"Na hao panya wenu walitoa nini?" aliuliza.

"Hawakutoa kitu, mama. Uvimbe unanywea tu."

"Na kilichokuwa ndani?"

Yesenia alifikiri. "Hatukukitafuta."

"Labda panya hawana ndugu," alisema Nelida, akamjazia bakuli.

Yesenia alitaka kuipima tena mikono ya Abelino. Aliambiwa hayuko nyumbani, siku hizi hakai nyumbani. Wakamvusha hadi ng'ambo, akakipanda kilima palipokuwa na kambi, akamkuta analima mahali pasipopandwa kitu. Mteremko wote ulikuwa mashimo matupu, mengine yakiwa yameshaota majani.

Abelino aliliweka jembe chini, akamnyooshea mikono. Vifundo vilikuwa vyembamba kama vya mtu yeyote.

"Umepona," alisema Yesenia.

"Nimepona, daktari. La sivyo nisingeweza kuchimba."

Wakati Yesenia akiukunja utepe wake, Hilario alipita njiani na mkungu wa ndizi begani. Shamba lake lilikuwa juu zaidi. Akasimama.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama. Ulimwacha hapa?"

Hilario alilitazama shimo kwa muda. Akauhamishia mkungu bega la pili.

"Si hapo," alisema, akaendelea na njia yake.

Abelino aliliokota jembe, akasogea hatua chache upande wa chini, akalinyanyua.