Bustani Iliyokataa Kunyolewa

Baba yangu ni kinyozi, na kwa miaka mingi bustani yetu ilikuwa mteja wake mtiifu kuliko wote. Kila Jumapili, duka likiwa limefungwa, alitoka uani na mkasi wake mrefu wa majani, akaisogelea bustani kwa nyuma kama anavyowasogelea wateja, na kuiuliza swali analomwuliza kila anayeketi kwenye kiti chake: "Ipungue au iishe?" Kwa kuwa bustani haikuwa na mdomo, alijijibu mwenyewe. Iliisha.

Nyasi zetu zilikuwa fupi kama nywele za askari mpya. Uzio wa michongoma ulikuwa umenyooka kiasi kwamba Mama, ambaye ni fundi cherehani na hasifii mstari wa mtu ovyo, alikiri kuwa hajawahi kushona pindo kama lile. Kipepeo aliyepotea njia akaingia kwetu alizunguka kidogo, akaona hakuna pa kutua, akaondoka bila kuaga. Mmea mmoja tu ulisamehewa mkasi: kichaka cha mchaichai kando ya mlango wa nyuma wa duka. Baba alichemsha majani yake, akayachuja, na maji yale akayanyunyizia taulo, mashuka ya kunyolea na shingo za wateja. Aliamini kuwa mtu asiyetoka dukani akinukia mchaichai hakunyolewa, amepunguziwa nywele tu.

Nilirudi kutoka chuo kikuu kwa likizo ndefu nikiwa na imani moja na mzinga mmoja. Imani yangu ilikuwa kwamba ardhi ikiachwa ipumue, viumbe walioishi hapo kabla yetu hurudi. Na kwamba hakuna haja ya kungoja dunia nzima ikubaliane, kwani mtu anaweza kuanzia nyuma ya jiko la kwao. Mzinga, sanduku la mbao lenye mfuniko, nilipewa na mwenzangu wa chuoni anayefuga nyuki kwa kujifurahisha. Nilivitua vyote viwili mbele ya Baba siku moja, jambo ambalo Mama aliniambia baadaye kuwa lilikosa mkakati.

"Unataka nisikate?" Baba aliuliza, kana kwamba nimemwomba asipumue.

"Nusu tu, Baba. Kuanzia bombani hadi ukutani. Nyasi zikue, maua ya mwituni yajiotee, ndege wapate mbegu. Na nyuki wapate chakula."

"Nyuki gani?"

"Watakaokuja."

"Wamekuahidi?"

Mama alicheka mpaka pini alizobana midomoni zikamwagika juu ya cherehani.

"Sikiliza, Profesa," Baba alisema. Jina hilo alinipa siku niliyochaguliwa kujiunga na chuo, na sikuwahi kujua kama ni sifa au ni dhihaka. "Watu wakichungulia nyuma ya duka wakaona kichaka, watasema nini? Kinyozi gani huyu, nyumba yake mwenyewe ina nywele za mwendawazimu?"

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe alinyoosha mkono. "Siku chuo kikifunguliwa, sanduku lako likiwa na nyuki, nusu hiyo ni yako, siinyoi. Likiwa tupu, nanyoa mpaka ukutani, na nyasi unazoa mwenyewe."

Tulishikana mikono, Mama akiwa shahidi. Nilikuwa nimehudhuria mihadhara mingi juu ya kuiponya dunia, lakini kile ndicho kipande chake pekee nilichowahi kukabidhiwa.

Nilipaka nta ndani ya mzinga ili harufu yake ivute nyuki, nikauweka chini ya ukuta, nikaanza kungoja. Bustani haikungoja. Mvua chache zilitosha kuzipa nyasi kiburi. Zikafika magotini, zikatoa mashuke. Maua madogo ya manjano ambayo sikuyapanda yalijitokeza kama wageni waliosikia kuna sherehe. Akaja kinyonga, akaja ndege chozi mwenye mdomo uliopinda, wakaja vipepeo, na safari hii walitua. Nyuki nao walikuja, mmoja mmoja, wakanywa maua na kurudi kwao, kokote kwao kulikokuwa. Mzingani hawakuingia. Nilikuwa nimefungua hoteli ambayo watu wanakula na kwenda kulala kwingine.

Aliyefurahia hali hiyo kupita wote alikuwa mteja wa Baba aitwaye Kipara, jina alilojitambulishia mwenyewe kabla mtu hajamsaidia. Hakuwa na unywele hata mmoja wa kukatwa. Hata hivyo kila Jumamosi alikuja, akaketi, akafungwa shuka, akafunikwa taulo la moto usoni, akanyunyiziwa mchaichai, akaondoka akijipapasa utosi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Profesa, wapangaji wamefika?" aliuliza kila mara.

"Bado, mjomba."

"Labda kodi ni kubwa. Na wakija, utauza asali?"

"Hapana, sifanyi biashara. Nitafuga kwa kujifurahisha."

"Kujifurahisha!" Alimgeukia Baba. "Wenzake wanajifurahisha kwa muziki. Huyu wako anataka kuchomwa."

Mama alinishonea vazi la kujikinga kwa shuka kuukuu jeupe, na usoni akaweka kipande cha chandarua. Nilipolijaribu sebuleni, Baba aliweka kikombe chini, akanitazama kuanzia utosini hadi kisiginoni.

"Hongera," alisema. "Na bwana harusi ni nyuki yupi?"

Likizo iliyoyoma. Juma la mwisho lilipoingia, Baba alianza kuunoa mkasi mrefu kibarazani, taratibu, mahali ambapo dirisha la chumba changu hufunguka. Mkasi ulimsemea. Nilianza kufikiria nitamwelezaje kinyonga.

Jumamosi ile, siku moja kabla ya safari yangu, nilikuwa nikipanga nguo begini niliposikia sauti ya Baba kutoka dukani. Hakupiga kelele. Aliita kwa upole mno, nao upole wake ukanitisha.

"Profesa. Njoo. Vaa nguo zako za harusi. Polepole."

Niliingia dukani kwa mlango wa ndani nikiwa ndani ya vazi langu. Kipara alikuwa amelazwa kitini, taulo la moto likimfunika uso mzima. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kando yake, juu ya shuka la kunyolea lililotundikwa msumarini likiwa bado bichi kwa maji ya mchaichai, lilining'inia bumba la nyuki kubwa kama mkungu wa ndizi. Lilikuwa likivuma. Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika kopo la dawa ya kuulia wadudu, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Leo mashine yako inalia vizuri," Kipara alisema kutoka chini ya taulo. "Umeitia mafuta?"

"Tulia hapo hapo," Baba alimjibu. "Usiinue kichwa."

"Lakini mbona siisikii kichwani?"

"Ni mashine mpya. Haigusi."

"Maendeleo haya!" alisema Kipara, akajilaza vizuri zaidi.

Nilimsogelea Baba, nikamnong'oneza kwa haraka yote niliyojua: kwamba jamii ya nyuki ikijaa hugawanyika, nusu ikaondoka na malkia kutafuta nyumba; kwamba wakiwa safarini wameshiba asali na hawana nyumba ya kulinda, hivyo si wakali wasipochokozwa; na kwamba harufu ya mchaichai inakaribiana na ile ambayo nyuki huitumia kuitana.

"Yaani wamefuata maji yangu?"

"Wamefuata maji yako, Baba. Tafadhali weka hilo kopo chini."

Hakuliweka. Alimtazama mteja wake, akalitazama bumba, akanitazama. "Una muda wa kuleta sanduku lako tu," alisema. "Wakianza kumsogelea mtu wangu, napuliza."

Nilikimbia jinsi mtu anavyoweza kukimbia ndani ya shuka. Nilirudi na mzinga, nikauweka wazi chini ya bumba, nikachukua brashi laini ambayo Baba hufutia nywele shingoni mwa wateja. Niliipitisha juu ya nyuki. Nilikandamiza mno, na wachache wakaruka kwa hasira. Nikajaribu tena, wakaruka wengine.

"Unafanya nini?" Baba alisema kwa sauti ya chini iliyojaa uchungu.

"Ninawafagia."

"Hivyo ndivyo mtu anavyofagia? Unasugua sufuria? Lete!"

Akaliweka kopo rafuni, nyuma ya poda, ili awe na mikono yote miwili. Mama, aliyefika mlangoni bila sisi kumsikia, alimtupia kichwani kipande cha chandarua kilichobaki.

"Na wewe umepata mchumba," alimwambia.

Kwanza Baba alinyunyizia mzinga maji ya mchaichai ndani, kona zote. Kisha alilishika shuka kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaanza kuipitisha brashi, juu kwenda chini, nyepesi, kama anavyomfanyia mtoto anayenyolewa mara ya kwanza. "Tulia," aliwaambia. "Tulia, tumemaliza, tulia." Nyuki waliteremka ndani ya sanduku kama mchele unavyoteremka kutoka kwenye ungo. Malkia alikuwemo, maana waliobaki hewani walishuka wenyewe, wakapanga foleni na kuingia. Nilirudisha mfuniko nikiwa nalia, bahati nzuri chandarua kilinisitiri.

Kipara aliondoa taulo, akakuta watu wawili waliofunikwa chandarua wamemwinamia.

"Nimekufa?" aliuliza.

"Bado," alisema Baba. "Wapangaji wamefika."

Asubuhi ya safari yangu niliamshwa na mlio wa mkasi. Nilitoka mbio, ndara mguu mmoja. Baba alikuwa kwenye nusu yangu.

"Baba! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana siinyoi," alijibu bila kugeuka. "Kupunguza hatukuzungumzia."

Nilisogea. Nyasi zote zilikuwa zimesimama kama zilivyokuwa, na maua yake. Mkasi mrefu haukuonekana popote. Alikuwa amepiga magoti kando ya mzinga, chandarua kichwani, akiwa na mkasi mdogo wa ndevu na kitana, akikata unyasi mmoja mmoja uliokuwa umeuziba mlango wa nyuki.

"Wanagonga vichwa wakitoka kazini," alisema. "Nani atawaangalia wewe ukiwa huko kwenye mihadhara? Kipara?"

Akapitisha kitana, akarudi nyuma kidogo kutazama kama pande zote mbili zinalingana, kisha akawainamia nyuki mlangoni pao.

"Ipungue," aliwauliza, "au inatosha hapo?"

Akangoja kidogo. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha ya bustani ile, akauweka mkasi mfukoni kabla haijaisha.